Sentensi ya Mwisho Kuhusu Abner

Kisii mjini
11 Februari 2024

Kwa Mama,

Hujambo wewe na wote wa hapo Itumbe? Mimi ni mzima. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu mara ya mwisho nilipopiga simu, Purity aliiweka kwenye sauti ya nje ili usikie vizuri, nikasikia jirani akiuliza ni nani anayepiga, na Purity akamjibu, "Ni yule mke Msomali wa marehemu." Usimgombeze, ni mtoto, na hakusema uongo. Ila nilijua hapo hapo kwamba ninayotaka kukuambia hayawezi kusemwa kwa sauti ya nje.

Bado niko na duka la kutoa nakala. Mashine moja imekufa na ile nyingine inameza karatasi, lakini wanafunzi wanakuja na vyeti vyao, na wazee wa mashamba wanakuja na hati zao, kwa hivyo ninakula. Masikio yako yanaendeleaje? Ile dawa ya matone ilikusaidia hata kidogo?

Mama, najua hupendi niitaje jumuiya yetu, lakini ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tangu Abner atutoke, Jumuiya ya Fikra Huru imekonda. Alipoianzisha mwaka wa 2014 walikuwa watano, na kufikia 2019 tulikuwa kumi na tisa, watu wasioamini Mungu na wasioona haya kusema hivyo hapa Gusii. Sasa tumebaki wanne. Wengine wamehamia Nairobi, wengine wamechoka kutengwa na ndugu zao. Gibson, ambaye ndiye mwenyekiti sasa, aliniambia juzi kwamba tukisambaa sisi wanne, hakuna mtu atakayejua kwamba tuliwahi kuwepo. Hakuna atakayejua kwamba kuna watu walisimama kwenye mabaraza ya machifu wakasema kikongwe si mchawi kwa kuwa tu macho yake ni mekundu.

Kwa hivyo ninaandika makala kuhusu jumuiya katika kamusi elezo ya mtandaoni. Chukulia yale majalada makubwa ya maelezo mliyokuwa nayo ofisini kwa mwalimu mkuu, ila haya hayaishi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuandika mradi afuate kanuni. Nahitaji msaada wako kwa sehemu ya mwanzilishi. Abner alizaliwa tarehe gani hasa? Kitambulisho chake kilisema Januari mosi, na yeye alikuwa akicheka kwamba nusu ya Wakenya walizaliwa Januari mosi. Alisoma shule gani kabla ya ile yako? Na kama una picha yake isiyo ile ya kwenye ratiba ya mazishi, naiomba.

Kuna jambo lingine moja. Nitaliuliza siku nyingine.

Nawasalimu wote.

Istarlin


Itumbe
3 Machi 2024

Kwa Istarlin,

Bwana asifiwe, ingawa najua hutaitikia. Bahasha yako ilikaa Keroka kwenye ofisi ya vifurushi siku tisa, kwa sababu nilimtuma kijana Ratemo aichukue naye akakumbuka kila kitu cha sokoni isipokuwa bahasha. Nimeisoma mara mbili. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mwanangu. Yule nilimfundisha mwenyewe darasa la tatu, na hadi anakufa alikuwa akiandika kama anayekimbizwa.

Sisi ni wazima. Mvua ya mawe ilipiga majani chai wiki mbili zilizopita na mstari wote wa chini umebaki vijiti. Purity amefaulu mtihani wake na nimemgombeza, tena sana. Nimemwambia yule ana jina, na jina lenyewe ni Istarlin. Sasa analitamka vizuri. Masikio ni yale yale. Matone yaliisha na sikuona faida, labda faida iko kwa aliyeyauza.

Mwanangu alizaliwa Jumatano, tarehe 18 Mei 1983, saa za kukama ng'ombe. Darasa la kwanza na la pili alisomea Keroka kwa dada yangu, kisha nikamleta kwangu. Alibatizwa akiwa na miaka kumi na miwili. Aliongoza kwaya ya vijana, na sauti yake ya chini ilikuwa nzito mpaka watu wakidhani ni mtu mzima anayejificha nyuma. Aliacha kanisa mwaka wa 2011. Hayo yote ni kweli na unaweza kuyaandika.

Ninakutumia picha. Hapo ameshika jembe na amekasirika kwa sababu nilimlazimisha avae kofia.

Sasa nami niulize. Kuna haja gani mtu aandikwe katika kitabu cha wasio na Mungu? Mimi sijui mambo ya mtandao, lakini najua mtoto wangu. Kama ni lazima, andika hivi: alizaliwa, alisoma, alitetea wazee, akafa. Inatosha. Habari za mwisho wake usiziguse. Mwisho wa mtu ni wa watu wake.

Kula vizuri. Ulikuwa umekonda siku ile.

Mwalimu Nyanchoka


Kisii mjini
24 Machi 2024

Kwa Mama,

Nimeipokea picha. Niliitazama hadi mteja akaniuliza kama duka limefungwa. Asante kwa tarehe. Miaka minane ya kuishi naye na sikuwahi kujua kwamba alizaliwa Jumatano.

Pole kwa mawe. Natumai mstari wa chini utachipuka mvua ndefu zikianza.

Uliniambia nisiuguse mwisho wake, na Mama, nilikutii. Niliandika makala bila neno hata moja kuhusu kifo, ila mwaka tu. Nikaituma. Baada ya siku nne akaja mhariri, mtu nisiyemjua, sijui hata yuko nchi gani, akaweka alama juu ya makala kwamba inapendekezwa ifutwe. Anasema jumuiya haijulikani vya kutosha. Kanuni yao ni kwamba jambo lolote lazima liwe limeandikwa kwanza na mtu mwingine asiyehusika, kwenye gazeti au kitabu. Ninachokijua mimi hakihesabiki. Nilikuwepo kwenye lile baraza la Nyamira walipotaka kumchoma Bibi Nyangate ndani ya nyumba yake kwa madai ya uchawi, nilimshika mkono hadi kwenye gari, lakini mimi si chanzo.

Nilitafuta siku tatu. Katika miaka yote ile, magazeti yametuandika mara mbili tu. Mara ya kwanza ni 2019, habari fupi kuhusu Bibi Nyangate. Mara ya pili ni Machi mwaka jana. Nadhani unajua ni ipi. Ukurasa mzima, na picha ya jeneza, na kichwa kinachosema kwamba mpinga dini maarufu alirudi kanisani saa chache kabla ya kukata roho.

Nilizituma zote mbili kwa sababu sikuwa na nyingine. Mhariri akafurahi. Akaondoa ile alama na akasema sasa makala inaweza kubaki. Halafu akaongeza sentensi yake mwenyewe mwisho wa sehemu ya mwanzilishi: "Kabla ya kufariki, Abner aliikana jumuiya na kurejea kanisani." Amebandika gazeti hapo kama ushahidi. Kwa hivyo kilichotufanya tujulikane ni kule kusemwa kwamba mwanzilishi wetu alituacha.

Sasa ndiyo nauliza lile jambo.

Asubuhi ile uliniambia dawa yake ya maumivu imeisha, nikakimbia Keroka kuitafuta. Duka la kwanza halikuwa nayo, la pili lilikuwa na foleni. Niliporudi saa saba nilikukuta umekaa nje kwenye kiti na nikajua. Hukuniambia kwamba wazee wa kanisa walikuja. Nililisikia kwenye mazishi, nimesimama nyuma na Gibson na wenzetu, pasta akitangaza kwa kipaza sauti kwamba Abner alimpokea Bwana saa nne asubuhi. Watu wakaitikia amina na wengine wakageuka kututazama. Niliondoka kabla udongo haujaingia. Ndiyo sababu sijarudi kwako tangu siku ile, Mama, si kwamba nina kiburi.

Nini kilitokea saa nne?

Istarlin


Itumbe
7 Aprili 2024

Kwa Istarlin,

Salamu. Nimepata barua mapema safari hii, nilienda Keroka mwenyewe.

Mvua imeanza. Mahindi yametoka vizuri upande wa mto. Mbuzi mmoja amezaa mapacha na mmoja wa mapacha hasimami, Purity anamlisha kwa chupa na amekataa kwenda dukani kwa sababu yake. Juma lililopita nimechaguliwa tena kuwa shemasi wa kina mama, ingawa niliwaambia siwasikii wakinong'ona. Wamesema shemasi asiyesikia minong'ono ndiye anayefaa.

Mambo ya saa nne, Mzee Ombati alikuwepo pamoja na pasta na wazee wengine wawili. Wao walitangaza, wao wanajua walichotangaza.

Chai imenoga kidogo mwaka huu. Nitakutumia ya nyumbani.

Mwalimu Nyanchoka


Kisii mjini
2 Juni 2024

Mama,

Sijakuandikia tangu Aprili kwa sababu kila nilichoandika nilikirarua. Habari za nyumbani ninazitaka, usidhani sizitaki. Yule mwanambuzi amesimama?

Hapa habari ni moja. Siku ya Idi ndugu yangu Zaki aliniletea pilau kwenye mkebe. Aliuweka mlangoni na kuondoka bila kubisha. Nilimwona mgongo tu akikata kona. Baba hajatamka jina langu miaka tisa, tangu nilipowaambia kwamba sisali tena na nitaolewa na mwana wa Itumbe ambaye naye hasali. Ninajua basi namna watu wanavyokaa kimya kwa sababu wanampenda mtu. Nimezaliwa humo. Lakini wewe umeniandikia habari za mbuzi.

Sikuulizi kwa ajili ya mtandao. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mtandao. Nauliza kwa sababu kila usiku kwa mwaka mzima na zaidi nimelala na watu wawili waliokufa na sijui ni yupi wangu. Mmoja ni yule aliyenifundisha kwamba naweza kutembea barabarani bila kuogopa mbingu. Mwingine ni yule aliyeogopa dakika ya mwisho akanyoosha mkono kwa pasta huku mimi niko kwenye foleni. Kama ni huyo wa pili, niambie. Sitamchukia. Alikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu ana haki ya kushika mkono wowote. Nitalia halafu nitakoma. Ila siwezi kuendelea kumlilia mtu nisiyemjua.

Hao wenzangu watatu wameniuliza pia. Tangu gazeti lile litoke Gibson haji tena kwenye mikutano akiwa mchangamfu. Anaona kama tulichezewa.

Ulinifundisha kupika mboga ya chinsaga na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Uliniita mwanangu mbele ya wifi zako waliokuwa wakinong'ona juu yangu. Kama ulikuwa na maana, nijibu.

Istarlin


Itumbe
25 Agosti 2024

Istarlin mwanangu,

Kwa vile uliuliza, yule mwanambuzi alikufa. Purity alimzika kwenye kahawa ya zamani na kumwimbia wimbo.

Barua yako ya Juni iko ndani ya Biblia yangu tangu siku ya kumi na moja ya mwezi ule. Kila Sabato nimekwenda nayo kanisani, nimekaa nayo mapajani na nimerudi nayo. Mwezi wa Julai niliugua kifua, nikajiambia nikipona nitakujibu, kisha nikapona na sikujibu. Leo nimewatuma wote sokoni na nimefunga mlango. Nitaandika moja kwa moja kama ninavyoandika ubaoni, kwa sababu nikianza kupamba nitapotea.

Abner hakukubali.

Walikuja saa nne kama ulivyosikia. Mimi ndiye niliyewaita. Alikuwa amekaa kwenye mito miwili upande wa dirisha, amechoka lakini akili yake ilikuwa safi. Pasta alimsomea, akamwuliza kama anampokea Bwana. Mwanangu akamjibu kwa heshima zote, kwa Ekegusii, na ninayakumbuka yote. Alisema, "Pasta, nimefurahi kukuona, na asante kwa kumkumbuka mama yangu. Lakini siwezi kukudanganya ukiwa umetembea mbali hivi." Kisha akaomba uji. Waliomba hivyo hivyo, naye akafumba macho. Mtu angeweza kudhani anasali. Alikuwa amechoka.

Wakatoka nje. Baadaye kidogo Mzee Ombati alirudi peke yake akaniita mlangoni. Si mtu mbaya, usimchukie. Aliniambia, "Mwalimu, unajua utaratibu. Bila neno lake hatutaweza kuja na kwaya, na vijana hawatachimba." Nami nilijua. Wewe hukumkuta Ogoti, kaka wa mume wangu. Alifariki akiwa nje ya ushirika wa kanisa mwaka wa 1997. Siku ya kumzika tulikuwa watu kumi na mmoja. Vijana waliokodishwa walichimba shimo fupi, mvua ikaingia, na jeneza likateremshwa kwenye maji tukilisikia likielea. Hakuna aliyeimba. Hadi leo watu wakipita pale wanaonyesha kwa kidole. Nilimtazama Ombati na nikaliona lile shimo, na ndani yake nikamwona mtoto wangu.

Nikasema, "Amekubali. Nimemwuliza mlipotoka, na amekubali."

Ombati alinishika mikono akalia. Alilia kwa furaha, Istarlin. Alikuwa amemfundisha Abner nyimbo akiwa mtoto. Akaenda kuwaambia wenzake uani na nikawasikia wakimsifu Mungu, mimi nisiyesikia kitu nikawasikia.

Mlango ulikuwa wazi. Niliporudi ndani Abner aliniuliza, "Mama, umewaambia nini?" Nikamwambia nimewaaga wageni. Akasema, "Sawa, Mama." Sijui kama alisikia. Nimeligeuza neno hilo "sawa" kila upande na bado sijui.

Kisha akauliza, "Istarlin amefika?" Nikamwambia uko njiani. Aliuliza mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kama saa tano na nusu. Baada ya hapo hakuuliza tena kitu.

Sasa lililobaki ndilo gumu zaidi, na kama utaacha kunisoma baada ya hili nitaelewa. Dawa haikuwa imeisha. Chupa ilikuwa nusu. Niliificha kabatini nyuma ya vikombe vya wageni ili wewe uende Keroka, kwa sababu nilijua ukiwepo wazee hawataingia, au wataingia na mtagombana. Nilidhani utakosekana kwa saa mbili tu. Sikujua kwamba ni saa mbili zile. Yeye hakukosa dawa, nilimpa mwenyewe. Ni wewe niliyekunyima.

Nimekuwa shemasi kwa uongo mwaka na nusu. Siwezi kuutubu mbele ya kanisa, kwa sababu kuutubu ni kumfukua. Na siku za Sabato wakiimba kuhusu siku ya kufufuka, mimi ninafungua kinywa na sauti haitoki. Wewe huamini kwamba utamwona tena, kwa hivyo umempoteza mara moja. Mimi naamini, na najua alivyojibu. Nimempoteza mara mbili, na ya pili siwezi kuililia mbele ya mtu.

Andika. Chukua barua hii uwape wale wahariri wako. Nimeiandika kwa wino na nimeweka sahihi yangu kamili ili wasiseme imebuniwa. Waambie mwanangu alikufa kama alivyoishi. Yatakayonipata hapa yanipate.

Lorna Nyanchoka, mama yake Abner


Kisii mjini
15 Septemba 2024

Kwa Mama,

Nakusalimu. Pole kwa kifua, na mwambie Purity pole kwa mwanambuzi wake. Barua yako ilifika tarehe 29 Agosti. Siku hiyo nilifunga duka saa tatu asubuhi na sikulifungua hadi Jumatatu.

Nianze na chupa, kwa sababu nikiiacha mwisho nitaikwepa. Sijui nitaifanyia nini, Mama. Nimejaribu kukusamehe na sijaweza, halafu nimejaribu kukuchukia na sijaweza pia. Mara ya tatu alipouliza nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanamke aliyeshika kopo la maziwa ya mtoto, na nilikuwa nikihesabu watu waliobaki mbele yangu. Walikuwa wanne. Kama usingeificha ile chupa ningekuwa kitandani pake. Hilo nimeliandika ili ujue kwamba nimelisoma na sikulipita haraka.

Lakini umenirudishia mume. Nilimsomea Gibson maneno yale, "siwezi kukudanganya ukiwa umetembea mbali hivi," naye akageukia ukuta akalia, kisha akacheka, kwa sababu ndivyo Abner alivyokuwa, anakukatalia hadi unamshukuru. Sasa ninamlilia mtu mmoja. Hujui jinsi ilivyo nafuu.

Nikueleze kuhusu makala. Kabla ya kukujibu nilifanya papara. Niliingia usiku ule ule nikaifuta ile sentensi. Asubuhi niliikuta imerudishwa. Nikaifuta tena na kueleza kwamba nina barua ya mama mzazi, kwa mkono wake, yenye sahihi. Mhariri alinijibu kwa adabu. Alisema anasikitika kwa msiba wangu, lakini barua ya nyumbani haijachapishwa popote na hakuna awezaye kuithibitisha, na mimi kama mke nina maslahi. Gazeti limesema alirejea kanisani. Mpaka gazeti lingine liseme tofauti, sentensi inabaki. Na nikiifuta mara ya tatu nitafungiwa. Tena nikisema gazeti lile haliaminiki, nalo litaondolewa, tutabaki na chanzo kimoja, na makala nzima itafutwa pamoja na Bibi Nyangate na mabaraza yote.

Gibson alipata njia. Anamjua mwandishi mmoja hapa mjini anayeweza kuja kwako na kinasa sauti. Useme uliyoniandikia, litoke gazetini, na siku hiyo hiyo sentensi itabadilika. Alikuwa ameshampigia. Mwandishi alikuwa tayari kuja Jumanne iliyopita.

Nimemwambia asije.

Gibson amenikasirikia na ana haki. Alisema ukweli ndio kitu pekee tulichokuwa nacho, na kwamba Abner angeenda kumchukua mwandishi huyo mwenyewe kwa pikipiki. Labda angeenda. Lakini Abner alikuuliza umewaambia nini, kisha akasema sawa, na mimi niliyelala na mtu huyo miaka minane najua masikio yake yalikuwa mazuri. Alikusikia, Mama. Aliyekuwa hawezi kumdanganya pasta kwa ajili yake mwenyewe alikuachia wewe udanganye. Nimeliwaza hilo wiki mbili na siwezi kulifikia kwa njia nyingine.

Una miaka sabini na mitatu na kifua kibovu. Siku yako itakuja. Nataka vijana wachimbe shimo refu na kavu, nataka kina mama wapike na kwaya iimbe zile sauti nne hadi barabarani. Mimi, Gibson na wale wawili hatutoshi hata kulibeba jeneza. Kwa hivyo usiende kwa mwandishi yeyote, na uliyoniandikia usimwandikie mtu mwingine. Nimeiacha ile sentensi pale ilipo. Mtu akitafuta jina la mume wangu atasoma kwamba aliikana jumuiya yetu, na nitaendelea kuisoma mimi pia, kila nikifungua.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 29. Sitakuja Jumamosi, Sabato yenu, ili usilazimike kunieleza kwa watu. Sitakaa sana. Nataka unionyeshe alipolala, kwa sababu sikungoja kupaona.

Istarlin